Kabla ya Kununua Zawadi ya Noeli

Noeli yakaribia, na wazazi wengi wanapiga hesabu: nguo mpya ya mtoto, viatu, na kitu cha kuchezea. Juu ya nguo hatuna la kusema, ila fundi apelekewe kitambaa mapema. Juu ya kitu cha kuchezea tuna neno, nalo ni zito.

Masoko yetu yamejaa vitu vidogo vya plastiki vyenye kuwaka taa na kuimba. Bei yake ni nafuu, na mtoto huvipenda mara avionapo. Lakini ndani ya vingi mna betri ndogo ya duara, bapa kama sarafu. Mtoto akimeza sarafu, mara nyingi hutoka yenyewe bila madhara. Betri sivyo. Ikikwama katika umio, mate huunganisha pande zake mbili, umeme hupita, na mahali pale hutokea maji makali, mfano wa kostiki ya kutengenezea sabuni, yanayounguza nyama ya mwili. Kwa muda wa saa 2 tu jeraha laweza kuwa la hatari kabisa. Hata betri isiyoweza tena kuwasha taa yaweza kuunguza hivyo. Kwa sababu ya vifo vya namna hii Marekani ilitunga sheria mwaka 2022, ili vifaa vya nyumbani vyenye betri hizo visifunguliwe kwa urahisi na watoto.

Basi, mzazi, kabla ya kuuliza bei, kigeuze kitu hicho, ukitazame kifuniko cha betri. Kikiwa kimekazwa kwa skrubu, vema. Kikifunguka kwa ukucha, kirudishe mezani, hata mtoto akilia. (Wako akina baba waonao haya kubishana na muuzaji mbele ya watu, haya hizo hazina faida.) Sumaku ndogo nazo ziepukwe: mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za matumbo na kuyatoboa. Vipande vya baluni lililopasuka viokotwe upesi.

Mtauliza, tununue nini? Mwanafunzi apewe mpira, au daftari na penseli za rangi. Mdogo wake apewe gari la mti lililochongwa na seremala wa jirani, mradi magurudumu hayang'oki, au mdoli wa kitambaa ambaye macho yake yametiwa kwa uzi, si kwa vifungo. Mtoto wa mwaka 1 huridhika na sufuria na mwiko wa mamaye.

Tena, mkishuku kwamba mtoto amemeza betri, akatokwa na udenda au kukataa chakula, nendeni hospitali mara moja. Msimtapishe wala kumlisha. Aliyepita mwaka 1, naye aweza kumeza, apewe njiani asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Lakini msichelewe kwa kuitafuta. Mkifika, litajeni wazi neno betri, maana katika picha ya eksirei hufanana sana na sarafu.