Kuidai Njia ya Baiskeli

Wengi hudhani kuwa njia ya baiskeli ni jambo la miji ya Ulaya tu. Sivyo. Mwaka 2012 Serikali ya Uganda ilitoa sera juu ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ili barabara zijengwe kwa kuwafikiria wao pia. Sera ipo, kazi yetu ni kuidai.

Mji wa Kasese umekaa uwandani, chini ya milima ya Ruwenzori, na uwanda wafaa sana kwa baiskeli. Kutoka huko barabara hupita Kikorongo, ikafika Bwera na mpaka wa Mpondwe. Malori yaendayo Kongo na watoto waendao shule hutumia lami ile ile. Lori haliwezi kusimama ghafula, na mtoto hana pa kukimbilia.

Basi tufanyeje? Mimi naona hatua tatu. Kwanza, tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu ni ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Njia za mitaani ni za Baraza la Manispaa. Barua isiyofika kwa mwenyewe haijibiwi. Pili, tuhesabu. Tukae njia panda asubuhi, tuandike baiskeli ngapi, waendao kwa miguu wangapi, malori mangapi. Tatu, tumpelekee mwenyekiti wa kijiji hesabu hiyo, naye aifikishe juu mapema, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai.

Malalamiko husahauliwa upesi. Hesabu iliyoandikwa hudai jibu. Wanafunzi, kalamu mnazo. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio mabarazani, ipokeeni.