Cheni mpya inaruka mlimani

SWALI: Naendesha teksi-pikipiki hapa Gitega. Nilinunua cheni Muyinga, muuzaji akasema imepita mpakani Kobero kutoka Tanzania. Spoketi ni zile za zamani. Nikipanda mlima na abiria, cheni inaruka kwa kishindo. Fundi ananiambia niikaze. Nifanyeje, mzee?

JIBU: Usiikaze kwanza, kijana wangu. Cheni iliyokazwa kupita kiasi hula beringi za giaboksi, na hiyo gharama utaijutia. Futa grisi pembeni mwa cheni, usome namba iliyogongwa: 420 au 428. Hapo ndipo wengi hunaswa. Zote mbili zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo dukani zikilazwa pamoja zinalingana pini kwa pini. Tofauti iko ndani: upana wa 420 ni milimita 6.35, wa 428 ni karibu 7.9, na rola zake ni nene zaidi. Ukiivalisha 428 kwenye spoketi ya 420 itaingia, lakini inachezacheza pembeni na rola haikai vizuri kwenye meno. Tambarare hutasikia kitu. Mzigo ukizidi, inaruka.

Namba ya cheni ikilingana na ya spoketi, basi tazama meno ya spoketi ya mbele, ile ndogo. Yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja kama ndoano, yameisha. Badilisha vyote vitatu pamoja: cheni na spoketi zote mbili. Ukirudi Muyinga, nenda na spoketi ya zamani mkononi, uijaribishe kwenye cheni kabla hujatoa pesa.