Sabuni ya Kuosha Gari Bila Kusugua: Inaweza Kweli Kuondoa Uchafu wa Barabara?



Kila mtu anayekaa hapa Bigo anajua barabara zetu. Wakati wa jua, kamiyo moja ikipita, vumbi nyekundu inapanda mpaka juu ya mabati ya nyumba. Mvua ikinyesha, vumbi ile ile inageuka potopoto. Pikipiki inayotoka Komanda ao Kasenyi inafika mjini ikiwa na rangi moja tu, rangi ya udongo. Ndiyo maana vijana wengi wanapata chakula kwa kuosha pikipiki na magari, na wamoja wao wanajilipia masomo kwa kazi hii.

Ulizo lenyewe ni hili: iko sabuni ya kumwagia tu, kuacha kidogo, kisha kusuuza, na uchafu wote utoke bila kugusa na kitambaa? Wengine watasema ni ulizo la wavivu. Hapana. Ndani ya potopoto muko mchanga, na mchanga mwingi ni jiwe linaloitwa kwarzi. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, kinachoanza na 1 na kuisha na 10, kwarzi iko 7, na kioo cha kawaida iko karibu 5 na nusu. Basi ukisugua potopoto kavu kwa kitambaa, hauoshi, unakwaruza. Rangi inapoteza mwangaza, kisha kutu inapata mlango wa kuingia. Tujifunze sasa jambo hili kwa utaratibu.

1. Ulizo hili linaulizwa hata katika inchi za baridi

Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wakati wa baridi theluji inaanguka na maji yanaganda barabarani. Watu wa kule wanamwaga chumvi juu ya barabara, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi kwa digri 0 sawa na maji matupu. Chumvi ile inachanganyika na maji machafu, moshi wa mazuti, mafuta ya injini na vipande vidogo vya mipira ya magurudumu. Yote yanarukia gari na kukauka pale. Chumvi inasaidia kutu kula chuma, kwa hiyo wenye magari wanatafuta kuosha mara kwa mara.

Wako na mashine za kuosha bila brosi. Gari linaingia, linamwagiwa sabuni, linangojea kidogo, kisha maji ya nguvu sana yanapiga pande zote. Hakuna mkono unaoligusa. Lakini hata kule watu wananungunika: gari linatoka likionekana safi, kumbe ukipitisha kidole juu ya mlango, kidole kinaacha mstari. Chumvi imekwenda, kwa sababu inayeyuka katika maji. Kilichobaki ni ngozi nyembamba ya uchafu.

Sisi hatuna theluji, lakini ngozi ile tuko nayo. Udongo wetu mwekundu ni mchanganyiko wa mchanga, udongo wa mfinyanzi na kutu ya asili, ile inayoupa wekundu. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, chini ya sehemu 2 za milimeta moja iliyogawanywa mara 1000. Ongeza moshi wa kamiyo na matone ya mafuta, utapata uchafu unaoshika sawasawa na ule wa wazungu.

2. Kwa nini maji ya nguvu peke yake hayatoshi?

Tazameni pikipiki inayokimbia kilometa 60 kwa saa. Upepo ni mkali, unaweza kuondoa kofia kichwani. Lakini vumbi iliyoketi juu ya tanki ya mafuta inabaki pale pale. Kwa nini haipeperuki?

Ni kwa sababu upepo, ukikaribia kabisa kitu kigumu, unapunguza mwendo. Pale unapogusa, karibu unasimama. Maji nayo yanafanya vile. Mbali kidogo na mlango wa gari yanakimbia, lakini juu ya rangi yenyewe kuko tabaka jembamba la maji yanayokwenda polepole sana. Punje kubwa ya mchanga inatoa kichwa nje ya tabaka lile, basi maji yanaisukuma na kuichukua. Chembe ya mfinyanzi inajificha ndani yake kama mtu aliyelala chini wakati wa upepo. Ukimwaga hata bidoni kumi, bado itakuwako.

3. Kazi ya sabuni

Sabuni inatoka kwa mafuta na baze yenye nguvu. Mnamo mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alitoa kitabu kilichoeleza mambo ya mafuta na sabuni kwa njia ya shimi. Lakini mama zetu walijua kazi yenyewe bila kitabu: majivu ya maganda ya ndizi yanatoa potasi, na potasi ikipikwa pamoja na mafuta ya mawese inatoa sabuni. Hata wageni walijua utajiri huo. Tangu 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever ilikamua mafuta ya mawese katika Congo ya Wabelgiji juu ya viwanda vyake vya sabuni.

Kila chembe ya sabuni iko na kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia inaingia katika mafuta, vichwa vinabaki upande wa maji, na tone la mafuta linazungukwa na kuinuliwa. Tena, maji yenye baze yanaongeza umeme wa namna moja juu ya mfinyanzi na juu ya rangi ya gari. Vitu vyenye umeme wa namna moja vinasukumana. Hivi uchafu unalegea hata kabla ya kuguswa.

Sabuni ya kipande iko na shida moja: katika maji yenye chokaa inafanya utando mweupe unaobaki juu ya gari. Sabuni ya unga haifanyi sana vile. Kwa hiyo kwa gari ile ya unga inafaa zaidi, lakini iyeyuke yote kwanza.

4. Wafanyakazi wanne

Karibu na mwaka 1960, Mjerumani mmoja wa shimi, Herbert Sinner, aliyefanya kazi katika kampuni ya sabuni Henkel, alieleza usafishaji kwa duara lenye sehemu nne: nguvu ya sabuni, joto, wakati, na nguvu ya kusugua. Ukipunguza sehemu moja, sharti nyingine zikue, la sivyo kitu hakitatakata.

Jambo hili ndilo moyo wa somo letu. Fikirini watu wanne wanaobeba mzigo mmoja. Mmoja akiondoa bega, uzito haupotei, unaangukia wengine watatu. Basi mtu anayesema “sitaki kusugua” ajiulize: nani atabeba sehemu ya mkono wangu?

Mashine za ng'ambo zinajibu kwa kutia sabuni kali. Mara nyingi zinatumia mbili, moja ya asidi na moja ya baze, na ile ya baze inaweza kufika pH 12 ao 13.

5. Hatari ya kumpa sabuni mzigo wote

Kumbukeni kwamba katika pH kila hatua moja ni mara 10. Sabuni ya kipande iko karibu pH 10. Maji ya pH 13 yana nguvu ya baze mara 1000 kuliko yale. Wako watu wanaotia soda kostiki ndani ya maji ya kuoshea ili uchafu utoke upesi. Tunawaambia wazi: msifanye hivyo.

Kwanza, soda kostiki inakula aluminiamu na kutoa gazi ya haidrojeni. Vifuniko vya injini za pikipiki na rimu nyingi ni aluminiamu. Pili, inakula ngozi ya mikono, na tone moja katika jicho linaweza kupofusha mtu. Kijana aliyetafuta pesa ya masomo asilipe kwa macho yake. Tatu, maji yale yanakwenda wapi? Tukiosha ndani ya Nyamukau, sabuni na mafuta ya injini vinashuka kwa wale wanaochota maji chini yetu. Sabuni inadhuru hata mashavu ambayo samaki wanapumulia.

Tena, yeyote asichanganye maji ya Javel na asidi, hata ya ndimu. Inatoka gazi ya sumu.

6. Njia inayofaa hapa kwetu

Kwa kuwa hatutaki sabuni kali, tuongeze wakati na joto kidogo, na tuache mkono uje mwisho tu.

a) Ngojea injini ipoe. Weka gari kivulini, mbali na mto, juu ya majani ao changarawe.
b) Mwaga maji mengi kwanza, bila kitambaa, mpaka potopoto nene ilegee na mchanga uanguke.
c) Yeyusha kijiko kimoja cha sabuni ya unga katika lita 5 za maji ya uvuguvugu. Mwagia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, ukianza chini na kupanda juu.
d) Ngojea dakika 5. Isikauke! Ikianza kukauka, ongeza maji.
e) Suuza kwa maji safi, toka juu mpaka chini.
f) Sasa mchanga umekwenda. Pitisha kitambaa laini chenye maji mara moja, polepole, bila kukandamiza. Suuza tena.

Basi jibu letu ni hili. Sabuni ya kawaida, ikipewa wakati, inaweza kuondoa potopoto, mchanga na mafuta mengi bila kusugua. Ile ngozi nyembamba ya mwisho haitoki bila sabuni ya hatari ao mguso mdogo wa mkono. Sisi tunachagua mkono, kwa sababu mkono uliokuja baada ya maji haukwaruzi tena.

Jaribio

Tafuteni vipande vinne vya bati lililopakwa rangi. Pakeni potopoto ya namna moja, mkaushe siku moja. Kipande cha 1: maji tu. Cha 2: maji ya sabuni, suuza mara moja. Cha 3: maji ya sabuni, ngojea dakika 5. Cha 4: sawa na cha 3, lakini maji ya uvuguvugu. Maji yawe kiasi kimoja kwa vyote. Vikikauka, pitisheni kidole na kulinganisha mistari.

Maulizo

1. Kwa nini vumbi haitoki juu ya tanki wakati pikipiki inakimbia?
2. Taja sehemu nne za duara la Sinner. Katika jaribio letu, ni zipi zilizobadilishwa?
3. Maji ya pH 12 yana nguvu ya baze mara ngapi kuliko ya pH 9?
4. Rafiki yako anaosha pikipiki mtoni kwa soda kostiki ili apate wateja wengi kwa siku. Utamwambia nini, naye atapata faida gani akikusikia?