Meneja Ananiita, Mchungaji Ananiita

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina miaka 21, naishi kwa mama hapa Msalato, Dodoma. Jina langu siliandiki kwa sababu nusu ya wasomaji wako watalitambua.*

*Nikiwa na miaka 17 niliimba kwenye mahafali yetu ya kidato cha nne. Mtu akanirekodi, video ikasambaa. Hazikupita wiki nyingi meneja mmoja wa Dar es Salaam akanipigia simu, nikasaini karatasi, nikaondoka. Wimbo wa kwanza ulipigwa kila mahali, mpaka kwenye bodaboda. Mwanzoni nilifurahi, sidanganyi. Baadaye usingizi ukakata. Nashuka jukwaani saa tisa usiku, saa moja asubuhi natakiwa redioni nikiwa nacheka. Dada aliyekuwa ananipamba akanipa vidonge vya usingizi, nikavizoea. Juu yake nikaongeza pombe. Mwaka jana nilianguka jukwaani, na hiyo video ilitazamwa kuliko ile ya mahafali. Meneja akasema tusihuzunike, ni kiki nzuri.*

*Nimerudi nyumbani tangu kabla ya mvua. Pombe nimeacha. Vidonge bado, nameza nusu nusu. Mama anauza chakula mnadani, na Jumamosi nikienda kumsaidia watu wananipiga picha. Mmoja aliandika mtandaoni: "Staa aliyefulia anaosha sahani." Nyumba ya mama imeishia kwenye lenta, wajomba wanauliza hela zangu zilikwenda wapi. Jioni nakaa nyuma ya nyumba na wasichana wa majirani, nawafundisha kugawana sauti, basi muda unapita.*

*Sasa meneja ananiita. Kuna ziara ya mikoani, anataka tutangaze kwamba nimezaliwa upya. Na mchungaji wetu, mtu mwema kabisa, ananiomba nisimame Jumapili ya mavuno nitoe ushuhuda kwamba Mungu ameniponya. Kamera zitakuwepo. Mama anatamani nikubali. Shangazi, mimi sijapona. Nikikataa yote mawili, nitakuwa nani?*

*Aliyechoka kutazamwa, Msalato*

Marahaba, mwanangu.

Unadhani umeletewa maombi mawili, uchague moja. Mimi nimesoma barua yako mara kadhaa na naona ombi moja tu. Meneja anataka usimame mbele ya kamera useme umekuwa mzima. Mchungaji naye anataka usimame mbele ya kamera useme umekuwa mzima. Nia zao hazifanani na siwaweki kapu moja: mmoja anauza tiketi, mwingine anatafuta roho za watu. Lakini kwako wewe kazi ni ileile iliyokuchosha, yaani kucheka saa moja asubuhi wakati hukulala. Jibu langu ni hapana kwa wote wawili, kwa sasa. Ngoja nikueleze kwa nini, kisha tuzungumze mambo ya kufanya kuanzia Jumatatu.

Unamkumbuka Ray C? Ulikuwa mdogo, muulize mama. Rehema Chalamila alikuwa miongoni mwa sauti kubwa za Bongo Fleva mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha heroini ikamshika. Mwaka 2012 Rais Kikwete alimsaidia kupata matibabu, na Desemba ya mwaka huo alikwenda Ikulu na mama yake kushukuru. Picha zilitoka magazetini. Taifa zima lilijua kwamba Ray C amepona. Mwaka 2016 habari za kuyumba kwake tena zikasambaa vilevile nchi nzima, na wapo waliompigia makofi kisha wakamcheka.

Sisemi kwamba kutangazwa ndiko kulikomrudisha nyuma. Uraibu una njia zake, na kurudia ni jambo ambalo madaktari wanaoutibu wanalitarajia. Wala sisemi alikosea kujitokeza. Tiba ya methadone ilikuwa imeanza Muhimbili mwaka 2011 tu, na naamini wapo wazazi waliojua kwamba kuna dawa kwa sababu walimwona yeye. Ninachosema ni hiki: mgonjwa wa kawaida akiyumba, anarudi kliniki kesho yake na anayejua ni muuguzi na mama yake. Aliyetangazwa kupona akiyumba, inabidi kwanza apite katikati ya umati. Wengi hushindwa kupita hapo, wakabaki nje ya mlango wa kliniki kwa aibu. Wewe bado unameza nusu kidonge. Usijijengee umati huo mlangoni.

Tuanze na hivyo vidonge. Ulipewa na mpambaji, si daktari, kwa hiyo hujui hasa unameza nini. Baadhi ya dawa za usingizi mwili ukishazizoea haziachwi ghafla. Mtu anaweza kupata degedege. Kwa hiyo usijifanye shujaa ukavitupa chooni leo usiku, na usiendelee kukata nusu kwa kubahatisha. Chukua pakiti yake, hata kama ni tupu, panda daladala uende mjini, umwone daktari. Dodoma mna bahati ambayo mikoa mingi haina: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapo hapo, inatibu watu tangu miaka ya 1920.

Najua umeshtuka. Umekulia Dodoma, umesikia watoto wakitukanana kwa jina la hospitali hiyo. Ukionekana getini mtu atapiga picha na kuandika analotaka. Mwanangu, watu hao hao walikupiga picha ukiosha sahani. Hakuna mahali utakaposimama wasipige. Ikiwa lazima wapige, bora wakukute unatibiwa. Kliniki ya wagonjwa wa nje unakwenda asubuhi, unazungumza na daktari, unarudi Msalato kula ugali wa mchana. Nenda na mama. Hata ushungi ukitaka kujifunika, jifunike. Mwambie daktari yote matatu: usingizi, vidonge na ile pombe uliyoacha. Na ikitokea usiku mmoja ukaona heri usiamke kabisa, hilo usisubiri siku ya kliniki. Mwamshe mama saa hiyo hiyo, mwende hospitali.

Jambo la pili ni karatasi uliyosaini. Ulikuwa na miaka 17. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwenye mkataba, kwa hiyo meneja akikutisha kwamba atakushtaki usiporudi, usitetemeke kabla hujapata mtu wa sheria akaisoma. Inawezekana mzazi alisaini pamoja nawe, inawezekana ulipotimiza 18 ulisaini nyingine. Hayo yanabadilisha mambo, ndiyo maana nasema isomwe. Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia watu bure. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akuelekeze kwao. Ukiwa huko, omba pia wakusaidie kuuliza nyimbo zako zimeandikishwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina la nani. Kama wewe ndiye uliyetunga, kuna haki ambazo hazifi kwa sababu ulianguka jukwaani. Na meneja akipiga simu kabla ya hapo, jibu ni fupi: "Natibiwa. Nitazungumza nikiwa na mwanasheria." Halafu kata.

Wajomba nao. Nyumba iliyoishia kwenye lenta inaonekana na kila anayepita, na kwa vile uwanja mpya wa ndege umewafanya watu wa Msalato kuhesabu viwanja kama dhahabu, najua maneno hayakomi. Lakini nahisi hawakudai hesabu ulipokuwa unawatumia nauli na ada. Huna deni la kuwaeleza. Mama peke yake ndiye mwenye haki ya kujua, na yeye mkae naye chini umweleze ukweli wote, pamoja na kiasi ambacho huenda hukuwahi kulipwa. Nahisi hilo hujamwambia, na nahisi ndiyo sababu anatamani sana ushuhuda: hajui ugonjwa wako ulivyo, anajua tu kwamba binti yake alikuwa juu na sasa yuko chini, na anatafuta ngazi.

Sasa mchungaji. Usimkwepe, nenda nyumbani kwake, si ofisini, ukae sebuleni na mkewe akiwepo. Mwambie hivi: "Baba Mchungaji, Mungu ananisaidia, ila bado nipo njiani. Nikisimama niseme nimepona nitakuwa nimesema uongo madhabahuni. Naomba mniombee bila kunitaja." Mtu mwema atakuelewa, na kama ulivyomweleza, huyu ni mwema. Mfupa uliovunjika haupimwi kwa kuuchezesha mbele ya wageni. Kisha muombe kitu kingine badala yake: nafasi kwenye kwaya, mstari wa nyuma, bila kuongoza wimbo hata mmoja, na siku kwaya inaporekodi video, wewe uwe umekaa na waumini. Umesahau kuimba bila kuwa wewe ndiye unayesikilizwa. Kwaya itakukumbusha.

Kuna hofu hujaiandika lakini naiona: ukikaa kimya watakusahau. Meneja lazima amekwambia. Ndiyo, wengi watakusahau. Lakini kusahauliwa si mwisho. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani aliyekuwa bora kuliko wote duniani, alijitoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akili yake ilikataa kufuatana na mwili hewani. Alitukanwa na watu ambao hawawezi hata kuruka mtaro. Baada ya Olimpiki hiyo alikaa nje ya mashindano hadi 2023, na Paris 2024 akachukua dhahabu tatu. Sikupi mfano huu nikikuahidi medali. Nakuonyesha kwamba mwenye kipaji anaweza kukaa pembeni miaka miwili na kipaji kikamsubiri.

Na kuna mfano wa karibu zaidi, wa watu wako mwenyewe. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, hapo hapo Ugogoni. Alipiga ilimba na zeze mpaka akajulikana Ulaya, na alipofariki Desemba 2003 habari haikuishia hapo. Katika ukoo huo wanawake walikuwa wakicheza na kuitikia, wanaume ndio wakiongoza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, *Maisha*, kwa jina la The Zawose Queens, wakiimba mbele. Miaka yote ile ya kuitikia nyuma haikupotea. Huko ndiko walikojifunza kazi. Muziki wa Kigogo haukungoja Dar es Salaam iukubali, na wewe unaishi kwenye chemchemi yake.

Hapo ndipo nafika kwenye swali lako la mwisho, nitakuwa nani. Umeandika sentensi moja ukaipita haraka kama vile haina maana: jioni unakaa nyuma ya nyumba na wasichana wa majirani, unawafundisha kugawana sauti. Katika barua nzima hapo tu hukutaja simu, kamera wala mtu anayetazama. Na hapo tu muda unapita bila kukuumiza. Shika hapo. Sikwambii kwamba umeumbwa kuwa mwalimu. Una miaka 21, hujui, na mimi sijui. Nakwambia kwamba hiyo ndiyo kazi unayoifanya bila kulipwa, bila kupigiwa makofi, ukiwa mgonjwa, na bado unairudia kesho yake. Mtu anayetafuta kusudi la maisha aanzie kwenye kitu cha namna hiyo.

Ila nakuonya, kwa sababu nawajua watu wa mjini. Wakigundua, mtu atakwambia msajili taasisi, mtengeneze nembo, mumwite mbunge azindue. Kataa. Mastaa wetu wengi wakiumia hukimbilia kufungua taasisi kabla jeraha halijafunga, na taasisi inakuwa jukwaa jingine. Wafundishe wasichana hao nyuma ya nyumba, bila jina. Mzazi mmoja mmoja ajue watoto wako kwako, basi. Ikifika mwaka na bado unapenda, na daktari akiridhika, tafuta habari za kujiunga na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ujifunze muziki darasani, kusoma nota na kufundisha. Naamini cheti cha kidato cha nne unacho. Huko utakutana na vijana watakaokujua kwa wiki ya kwanza, na wiki ya pili watakuwa wanakudai zamu ya kufagia.

Mnadani endelea kwenda. Usijifiche Jumamosi kwa ajili ya mtu mwenye simu. Anayekuandika kwamba umefulia kwa sababu unaosha sahani za mama yako amejieleza yeye. Mteja akitaka picha, mwambie chakula kwanza, alipe, picha siku nyingine. Wakiona hucheki wala hununi watachoka; video ya mtu anayeosha sahani, isiyo na kichekesho wala ugomvi, ni nadra kusambaa.

Kwa hiyo: Jumatatu daktari, wiki hiyo hiyo afisa ustawi wa jamii, kabla ya Jumapili ya mavuno mchungaji, na jioni yoyote mtakayopata utulivu, mama. Umma hauna zamu kwenye orodha hiyo.

Baada ya kliniki ya tatu au ya nne niandikie tena. Si lazima uwe na habari njema. Kama umeyumba, andika kwamba umeyumba. Barua hiyo sitaichapisha.

Shangazi