SOMO: KUTOA UCHAFU KATIKA FOSI YA CHOO

Kazi ya kutoa uchafu wa choo ni kazi ambayo watu waona haya kuitaja. Kwa sababu ya haya hiyo, wengi humwita mtu ye yote wakati wa usiku, humpa fedha, wala hawamwulizi neno. Asubuhi fosi ni tupu, na watu wa nyumbani wafurahi. Lakini uchafu ule umekwenda wapi? Ulizo hili ndilo somo letu.

1. Fosi ni kitu gani?

Nyumba nyingi za Pweto zina choo cha shimo. Lakini nyumba nyingine zina choo cha maji, na maji hayo yaingia katika fosi septiki. Fosi ni tangi la matofali na sementi lililojengwa chini ya udongo, mara nyingi lenye vyumba viwili. Vitu vizito vyashuka na kuwa tope. Mafuta na povu vyakaa juu. Maji ya katikati yapita na kwenda katika shimo la kunyonyea, na udongo wayanywa.

Vijidudu vilivyomo hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Tope likifika theluthi moja ya kina cha tangi, laanza kutoka pamoja na maji na kuziba shimo la kunyonyea. Basi fosi ya jamaa moja yapasa kutolewa uchafu kila miaka 3 mpaka 5, na mapema zaidi kama watu wa nyumba ni wengi.

Dalili za kujaa ni hizi: maji ya choo yashuka polepole, harufu mbaya yaingia nyumbani, na udongo juu ya fosi ni mbichi hata wakati wa kiangazi. Usimwage petroli, mafuta ya taa wala maji ya betri ndani. Vitu hivi haviondoi tope. Huua vijidudu wanaosaidia, na kuharibu maji ya ardhini.

2. Habari ya kisima cha London

Mwaka wa 1854 kolera, yaani kipindupindu, iliingia katika mtaa mmoja wa mji wa London, Uingereza. Watu zaidi ya 600 walikufa. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja, pale Broad Street. Mchungaji mmoja, Henry Whitehead, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza habari za wagonjwa. Akajua kwamba mtoto mchanga aliugua kwanza katika nyumba iliyo karibu na pampu ile, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nguo zake katika shimo la uchafu la nyumba. Walipolichimbua shimo hilo, waliona matofali yamelegea, na kisima kilikuwa karibu sana, hata mita moja haikufika.

Mama yule hakujua. Lakini uchafu wa nyumba moja uliingia katika kikombe cha jirani.

3. Maji yetu

Sisi wa Pweto twakaa mahali ambapo mto Luvua watoka katika ziwa Mweru. Ziwa hili ni la watu wa Kongo na la watu wa Zambia pia. Uchafu ukimwagwa ziwani, wapata wenye kuteka maji na watoto wanaooga. Ukimwagwa katika Luvua, washuka kwa watu wa Kiambi na wa Ankoro, ambako Luvua waungana na Lualaba. Kolera imerudi mara nyingi katika nchi ya maziwa ya mashariki ya Kongo, na sehemu za Pweto zimo. Tena mayai ya minyoo yaweza kukaa hai katika tope miezi mingi, hata miaka. Tope la zamani halina harufu sana, lakini bado lina hatari.

Waisraeli walipokuwa kambini, waliamriwa kuchukua kitu cha kuchimbia na kufunika uchafu wao (Kumbukumbu la Torati 23:12-13). Nayo sheria ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira yamtaka kila mwenye kutoa takataka azitunze inavyopasa. Basi usiseme, “Nimekwisha kulipa, si neno langu tena.”

4. Maulizo kabla ya kumpa mtu kazi

Kwanza uulize katika ofisi ya zoni ya afya au ya usafi wa mji ni nani mwenye ruhusa. Kisha umwulize mfanya kazi mwenyewe:

a) Karatasi yako ya ruhusa iko wapi? Uisome, utazame jina na tarehe.
b) Utapeleka tope mahali gani, na nani amekubali mahali hapo? Asipojibu wazi, usimpe kazi, hata kama bei yake ni ndogo.
c) Una pampu na mpira mrefu, au watu wako wataingia ndani?
d) Wafanya kazi wana viatu vya mpira, glavu na nguo za kazi?
e) Bei yote ni kiasi gani? Iandikwe. Usilipe yote kabla kazi haijaisha.

Mtu mwenye ruhusa aweza kuomba fedha zaidi kuliko mtu wa usiku. Lakini pima bei hiyo pamoja na gharama ya jamaa nzima kulazwa hospitalini.

Chagua wakati wa kiangazi, njia zikiwa nzuri na udongo mkavu. Karibu na ziwa, maji ya ardhini yakipanda wakati wa masika, yaweza kuinua au kupasua fosi iliyo tupu. Kazi ikiisha, tia maji ndani tena. Tope likimwagika uani, linyunyizie dawa ya klore, na watoto wasicheze hapo.

5. Mtu asiingie ndani ya fosi

Ndani ya fosi mna hewa ya sumu isiyoonekana. Kwanza yanuka kama yai bovu. Lakini ikizidi, pua haiwezi kuisikia tena, na mtu adhani imekwisha. Mtu hushuka, huzimia mara moja. Ndugu yake huruka kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu huwafuata. Hivyo jamaa moja hufiwa na watu wawili au watatu kwa siku moja.

Kwa hiyo usimtume mwanao wala kijana maskini kushuka kwa ndoo. Usiwashe taa ya moto wala sigara karibu, kwa maana hewa nyingine humo yashika moto. Mtu akianguka ndani, usimfuate. Fungua vifuniko vyote, piga kelele ya msaada, umvute kwa kamba kama amefungwa nayo, umpeleke hospitalini upesi. Kazi ikiisha, funika fosi vizuri, mtoto asitumbukie.

6. Kama gari la pampu halifiki

Kama choo chako ni cha shimo nacho kimejaa, ni afadhali kukifunika kwa udongo mwingi na kuchimba kingine, mita 30 au zaidi mbali na kisima. Usilifungue shimo la zamani kwa miaka 2. Kama ni fosi, uliza zoni ya afya mahali pa kuzika tope, mbali na kisima, mto na ziwa. Majirani wachache wakiungana kuita gari moja, watagawana gharama.

Maulizo ya kujifunza

1. Fosi ya nyumba yako ilitolewa uchafu mwaka gani?
2. Uchafu huo ulipelekwa wapi? Kama hujui, ni nani awezaye kukuambia?
3. Kwa nini haifai kumfuata mtu aliyeanguka ndani ya fosi?
4. Katika mtaa wako, ni majirani gani mtakaozungumza nao habari hii juma hili?