Kuangalia Video Kabla Haijamaliza Kushuka



Somo la robo hii limetokana na jambo lililotukuta wenyewe, nasi tunalieleza kwa kuwa fedha iliyotumika ilikuwa ya sadaka. Usharika mmoja wa milimani uliandaa semina ya siku moja kwa wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Washirika wetu wa nje walikuwa wametutumia viungo vya filamu mbili za mafunzo ili zishushwe kutoka kwenye intaneti. Katibu wa kamati alinunua bando, akaiacha kompyuta ya ofisi ikishusha usiku kucha. Alfajiri umeme ukakatika. Kila filamu ilikuwa imefika kama asilimia 90 hivi, na bando lilikuwa limekwisha.

Jenereta ya semina ilipowashwa, filamu ya kwanza ilifunguka na watu wakaitazama mpaka pale ilipokomea. Ya pili, ile ya ugonjwa wa kiwele ambayo ndiyo hasa iliyowatoa watu mashambani, haikuonyesha hata picha moja. Mzee mmoja wa kanisa akatuuliza: "Ndugu zangu, hii mbona imefika karibu yote, lakini ni kama haikufika?" Siku ile hatukuwa na jibu.

Jibu ni hili. Faili la video lina vitu viwili ndani yake. Kuna picha na sauti zenyewe, ambazo ndizo zinazochukua karibu nafasi yote. Halafu kuna faharisi, sehemu ndogo sana inayoieleza programu picha zimefungwa kwa njia gani, kila moja inaanzia wapi na inadumu kwa muda gani. Mtunza hazina ataelewa haraka: ni kama kuwa na sanduku la risiti zisizo na tarehe wala namba, huku daftari la mapato na matumizi likiwa limebaki kwa mwenzako. Risiti unazo, lakini hesabu huwezi kuisoma.

Katika mafaili ya MP4 faharisi hiyo huitwa moov. Simu na kamera huiandika mwisho, kwa sababu kifaa hakijui utaacha kurekodi saa ngapi mpaka ubonyeze kitufe cha kusimamisha. Mtengenezaji asipoipanga upya, moov hubaki mkiani, na kwa kawaida faili hushuka kuanzia kichwani. Basi ukipata asilimia 90 ya faili la namna hiyo, umepata risiti tupu. Filamu yetu ya pili ilikuwa hivyo.

Ya kwanza ilikuwa AVI, muundo ulioletwa na Microsoft mwaka 1992. Nao huweka faharisi mwisho, lakini maelezo ya jinsi picha zilivyofungwa yako mwanzoni, na kila kipande kina alama yake. Programu nzuri inaweza kupita kipande kwa kipande na kujitengenezea faharisi mpya. Mafaili ya MPEG-TS ni rahisi zaidi, maana yalibuniwa kwa ajili ya matangazo ya televisheni: yamekatwa katika vifurushi vya baiti 188, ili mtu akiwasha televisheni katikati ya kipindi apate picha.

Programu tunayoitumia ofisini ni VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani ya rangi ya chungwa na nyeupe. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa, na tangu mwaka 2001 imetolewa kwa leseni huria, kwa hiyo hailipiwi. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba haisubiri faili likamilike.

Wakati video inashuka, kivinjari hulipa faili jina la muda. Firefox huongeza .part mwishoni mwa jina, na Chrome huongeza .crdownload. Firefox pia inaweza kuweka pembeni faili jingine lenye jina kamili lakini halina kitu ndani. Tumeona makatibu wakilibonyeza hilo na kukata tamaa bure. Nakili faili la muda mahali pengine, fungua VLC kwanza, kisha uifungulie nakala hiyo kutoka ndani ya VLC. Usibadilishe jina la faili halisi wakati linaendelea kushuka. Kama ni AVI, VLC inaweza kuuliza ikiwa itengeneze faharisi kabla ya kucheza; ikubalie.

Fanya hivyo dakika chache tu baada ya kuanza. Faili la megabaiti 700, kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Kwa kilobiti 128, kasi ambayo wengi wetu tuliizoea kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, huchukua zaidi ya saa 12. Ukitazama mwanzo mapema utajua kama ni filamu uliyoahidiwa, kama sauti inasikika, na kama lugha ni ile ambayo watu wako wanaielewa. Tulishawahi kushusha filamu nzima ya hifadhi ya udongo, tukakuta msimulizi anazungumza lugha ambayo hakuna aliyeijua hata ofisini kwetu. Na ukiona jina la faili linaishia na .exe huku umeambiwa ni video, lifute bila kulifungua.

Wanaotumia mitandao ya kugawana mafaili, kama BitTorrent iliyoanza mwaka 2001 au eMule ya mwaka 2002, wajue kwamba huko vipande havifiki kwa mpangilio. Cha katikati kinaweza kufika kabla ya cha kwanza. Tena programu nyingine hutenga nafasi yote tangu mwanzo, hata ukubwa wa faili ukaonekana umetimia ilhali ndani ni matupu. Katika qBittorrent mna chaguo la kutanguliza vipande vya mwanzo na vya mwisho. eMule nayo ilikuwa nalo. Sasa msomaji anaelewa kwa nini cha mwisho nacho kinatangulizwa. (Filamu za watu zisizo na ruhusa hatuzishushi, hata kama ni za bure machoni.)

Hapa tuna ombi kwa wahisani wanaotutumia filamu. Faharisi inaweza kuhamishiwa mbele bila kugusa picha wala kupunguza ubora, kwa programu ya bure iitwayo ffmpeg na mstari huu mmoja:

ffmpeg -i ya_zamani.mp4 -c copy -movflags +faststart mpya.mp4

Kazi hiyo ni ya muda mfupi. Ikifanywa, faili likikatika katika asilimia 60 tunaweza kuonyesha karibu yote yaliyofika. Isipofanywa, hatuna kitu mpaka baiti za mwisho zifike.

Kwa kamati, jambo hili linahusu pia mahojiano mnayorekodi kwa ajili ya taarifa za miradi. Simu ikizima chaji katikati ya kurekodi, moov huenda isiandikwe kabisa. Usifute faili hilo. Rekodi video nyingine fupi kwa simu ileile, bila kubadilisha mipangilio, kisha mtuletee zote mbili. Ipo programu iitwayo untrunc ambayo husoma muundo wa lile zima na kujaribu kulijengea faharisi lile bovu. Haifaulu kila mara.

Filamu ya ugonjwa wa kiwele tuliomba ipangwe upya, ikapangwa, tukaishusha ofisini na kuipeleka milimani kwa flashi. Ilionyeshwa yote kwa projekta ya usharika. Waliohudhuria walikuwa pungufu kuliko mara ya kwanza, na wawili kati yao walituambia kwamba mbuzi waliyetaka kumuulizia walikuwa wameshamuuza.