Maumivu juu ya tako msimu wa kupandikiza mpunga

SWALI: Nalima mpunga hapa Madibira. Kila tukianza kupandikiza, napata maumivu juu ya tako la kulia, yanachoma kama moto, kisha ngozi inakufa ganzi. Nimepigwa picha ya mgongo, nikaambiwa sina tatizo. Wengine wanasema ni figo. Naumwa nini? – Mama mkulima

JIBU: Pole sana, mama. Maumivu yako ni ya kweli hata kama picha ni safi, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa. Mishipa ya fahamu haionekani.

Papasa mfupa wa nyonga, pale unapofungia kitenge. Toka katikati ya mgongo, sogea kulia sentimita 7 au 8, bonyeza. Maumivu yakiruka hadi takoni, naushuku mshipa wa fahamu wa ngozi ya tako. Mishipa hiyo iko ya juu, ya kati na ya chini. Ya juu huanzia kwenye pingili tatu za kwanza za kiuno, hushuka kupitia misuli ya mgongo, kisha huvuka ukingo wa nyonga na kusambaa kwenye ngozi. Pale ukingoni hupenya kwenye upenyo mwembamba kati ya mfupa na utando mgumu. Ukishinda umeinama jarubani, ukirudi kinyumenyume na miche mkononi, utando huvutika na mshipa ukabanwa. Kibwebwe kilichokazwa hapohapo huweza kuzidisha.

Mishipa hii inahisi tu, haisogezi msuli wowote. Kwa hiyo mguu wako hauwezi kulegea kwa sababu yake. Ukibanwa ule mshipa mkubwa uendao mguuni, maumivu hushuka hadi chini ya goti, na wayo huweza kushindwa kunyanyuka. Figo huuma juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa au shida ya mkojo.

Legeza kibwebwe, simama wima mara kwa mara, badilishana na wenzako kazi ya kubeba miche. Maumivu yasipopungua, daktari anaweza kuchoma dawa ya ganzi mahali hapo. Ukipata nafuu papo hapo, chanzo kimejulikana.

Yakitokea malengelenge kwenye ngozi hiyo, huenda ni mkanda wa jeshi, nao hutibika vizuri ukiwahiwa. Lakini mguu ukilegea, mkojo ukikutoka bila kujua au ukafa ganzi katikati ya mapaja, acha shamba, nenda hospitali ya wilaya Rujewa siku hiyohiyo.